Pamba ya haibridi: tusiitwike mbegu mzigo wote

Mhariri,

Kila msimu wa kupanda ukikaribia tunaimbiwa wimbo ule ule, pandeni haibridi, ile mbegu ya kuchanganya aina mbili, mpate pamba bora. Mimi ni mkulima huku Kitui na sina ugomvi na hiyo mbegu, maana tangu serikali ya Kenya iruhusu pamba ya Bt, yaani haibridi iliyotiwa jeni inayoua funza, mwisho wa 2019 na mbegu zianze kutufikia 2020 funza wa vitumba wamepungua kweli shambani kwangu. Lakini mavuno mengi ni kitu kimoja na nyuzi nzuri ni kitu kingine kabisa.

Urefu wa nyuzi hujengeka kama wiki tatu hivi za kwanza baada ya ua kufunguka, kisha ndio zinaanza kujaza ndani na kukomaa. Sasa sisi tunapanda na mvua ya Oktoba na Novemba, pamba inachanua Januari na Februari jua likiwaka na udongo umekauka, zitarefuka kwa maji gani? Zinatoka fupi hata kama mbegu uliinunua ghali. Potasiamu nayo ikikosekana nyuzi zinakuwa dhaifu, na sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kupimiwa udongo. Kiwandani wanapima kitu kinaitwa maikronea, yaani unene na ukomavu wa nyuzi, wanataka iwe kati ya 3.5 na 4.9, ikishuka sana mara nyingi ni nyuzi changa na hizo hazishiki rangi vizuri.

Halafu kuna mbegu za kurudia. Najua haibridi ni ghali, maua yanachavushwa kwa mkono, moja moja, lakini ukipanda mbegu iliyotoka jineri, kule pamba inakotenganishwa na mbegu, kizazi cha pili kinatawanyika, huu mmea mrefu ule mfupi, na nyuzi nazo hivyo hivyo. Na Bt yenyewe ni ya funza tu jamani! Kangambili bado wanatia pamba madoa, vidukari na inzi weupe wanaacha ule utamu unaonata mpaka mashine za kusokota zinakwama.

Ila kinachoniudhi zaidi ni magunia. Tunavuna pamba safi, umande umekauka, majani tumetoa, halafu tunaishindilia kwenye magunia ya plastiki yaliyochakaa yanayomwaga nyuzi kila ukiyagusa. Zile nyuzi za plastiki zikifika jineri zinakatwakatwa pamoja na pamba, huzioni tena mpaka kitambaa kitiwe rangi, hapo ndio zinajitokeza kama michirizi kwa sababu plastiki haishiki rangi ya pamba. Haibridi itasaidia nini hapo? Na wapo wanaonyunyizia maji usiku ili kilo zipande, pamba inapata joto ndani ya gunia na kugeuka manjano, hao siwatetei.

Lakini nawaelewa kidogo. Broka akija kwetu anapima yangu niliyochambua na ya jirani yenye maganda na mchanga, anamwaga zote lundo moja na bei ni ile ile. Nani ataamka mapema kuchagua pamba yenye madoa kama halipwi?

Kwa hiyo wanaotuletea mbegu watuletee na magunia ya kitambaa cha pamba, na wanunuzi wapange gredi hapo hapo kwenye mizani, mkulima akiona, kila gredi na bei yake.

Mkulima wa pamba,
Kitui