Risala ya Wanafunzi wa Sayansi ya Maabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni kwetu, na tunaomba utusikilize kuhusu kile kichupa kidogo ulichoonyeshwa ulipopita mbele ya friza ya maabara. Ndani yake mna kingamwili ya utafiti, yaani protini inayoshika protini nyingine moja mahususi, inayotambua kimeng'enya kiitwacho kabamoili fosfeti sinthetasi 1, kwa kifupi CPS1.

Kimeng'enya hiki hufanya kazi ndani ya mitokondria za seli za ini. Mwili unapovunja protini hutokea amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. CPS1 huiunganisha amonia hiyo na bikaboneti kwa kutumia molekuli 2 za ATP, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli, na hapo ndipo unapoanza mzunguko wa yurea, yaani hatua za kugeuza amonia kuwa yurea inayotoka kwa mkojo, ambao Hans Krebs na Kurt Henseleit waliueleza mwaka 1932 nchini Ujerumani. Mtoto aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa CPS1 mara nyingi huonekana mzima mwanzoni, kisha ndani ya siku chache hukataa kunyonya, hulegea, na asipowahiwa hupoteza fahamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa wataalamu wa patholojia kimeng'enya hiki kina umuhimu mwingine. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakitumia kingamwili iitwayo Hep Par 1 kutambua seli za ini katika vipande vya uvimbe, kwani mahali inaposhika huonyeshwa kwa rangi, na mwaka 2008 ikathibitishwa kwamba inachokishika ni hii CPS1. Sisi tunaoishi mahali penye homa ya ini aina B, na sumukuvu katika mahindi na karanga, tuna kila sababu ya kuwa na wataalamu wanaoielewa vizuri, kwa kuwa yote mawili huchangia saratani ya ini. Hata hivyo, kingamwili hii peke yake haithibitishi saratani: ini lenye afya nalo hupata rangi, utando wa ndani wa utumbo mwembamba nao hupata rangi, na baadhi ya saratani za ini zilizopoteza sura ya seli za ini hazipati rangi kabisa.

Ndiyo maana walimu wetu hawakuturuhusu kuisoma sampuli yoyote kabla ya kuijaribu kingamwili yenyewe iliyomo katika kichupa chetu. Tulisaga kipande cha ini la panya na kipande cha msuli wake, tukatenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, tukazihamishia kwenye utando, kisha tukauloweka utando huo katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta ili kingamwili isishike ovyo, ndipo tukaiweka kingamwili. Upande wa ini ulijitokeza mstari mmoja mzito karibu na kilodaltoni 160 (kipimo cha uzito wa protini), mahali CPS1 inapotarajiwa. Upande wa msuli haukuwa na kitu. Kwa maoni yetu, upande ule mtupu ndio uliotufundisha zaidi, kwa sababu bila huo tusingekuwa na haki ya kuuamini ule mstari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni umeme. Kingamwili inayoganda na kuyeyuka mara kwa mara hupoteza uwezo wake, nayo haibadiliki rangi wala harufu ili kututahadharisha. Tunachokiona ni mstari hafifu tu, na mwanafunzi anaweza kudhani kuwa kimeng'enya hakimo. Tunaigawa katika vichupa vidogo vidogo vya matumizi ya mara moja, lakini hilo halisaidii umeme unapokatika usiku kucha.

Kwa hiyo tunakuomba utusaidie kupata betri ya akiba kwa ajili ya friza hiyo pamoja na kifaa cha kurekodi jotoridi lake. Tunaomba pia kila bajeti ya kununua kingamwili iwe na fungu la tishu za ulinganisho, yaani ini, utumbo mwembamba na msuli, zitakazopatikana kwa kibali cha kamati ya maadili.

Tunaomba kuwasilisha.