Barua ya Wazi kwa Wahitimu wa Uchumi Wanaotafuta Kazi katika Sekta Binafsi

Wanangu wahitimu wa uchumi,

Salamu za heri ziwafikie popote mlipo. Ninawaandikia nikiwa mtu aliyeishi ndani ya taaluma hii kwa muda mrefu, aliyeketi mara nyingi upande wa wanaouliza maswali katika usaili wa kazi, na anayeumia kila anapomwona kijana mwenye shahada nzuri akikosa nafasi ambayo kichwa chake kilikuwa kinaiweza kabisa. Wengi wenu hamwangushwi na nadharia. Mnaangushwa pale mnapokabidhiwa rekodi za kampuni na kutakiwa kuzitumia kujibu swali, kumbe hamna njia ya kuzifikia wala kuzichakata isipokuwa kwa mkono wa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo nawashauri, tena nawasihi, mjifunze kuandika programu za kompyuta, na mjifunze mkiwa wachumi.

Itazameni kazi yenyewe jinsi ilivyo. Darasani mlipewa data iliyokwisha kusafishwa: mistari mia kadhaa, kila safu ina jina lake, kilichobaki ni kuendesha regresheni, yaani hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine, na kufasiri matokeo. Katika kampuni, majina ya wateja yamo kwenye jedwali moja, manunuzi yao kwenye jedwali la pili, mabadiliko ya bei kwenye la tatu, na bidhaa zilizorudishwa kwenye la nne ambalo pengine hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba lipo. Tarehe zimeandikwa kwa mitindo tofauti, na mteja mmoja amesajiliwa mara mbili kwa sababu aliyemsajili alikosea herufi moja ya jina lake. Kisha meneja anauliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelitambua: tukipandisha bei kwa asilimia tano, tutapoteza mauzo kiasi gani?

Hilo ni swali la unyumbufu wa mahitaji, yaani kiasi ambacho ununuzi hubadilika bei inapobadilika, na hapo ndipo elimu yenu ina thamani kubwa kuliko mnavyodhani. Mnajua kwamba bei na kiasi kinachouzwa huamuliwa kwa pamoja, hivyo mtu anayelinganisha miezi ya bei ya juu na miezi ya bei ya chini anaweza kudanganyika vibaya, kwa kuwa huenda bei ilipandishwa kwa sababu wanunuzi walikuwa wengi. Mnajua kwamba inabidi kutafuta mahali ambapo bei ilibadilika kwa sababu isiyohusiana na hamu ya wanunuzi. Lakini kupatafuta mahali hapo maana yake ni kuyaunganisha majedwali yale manne, kuondoa marudio, kuunda makundi ya kulinganisha, kufanya makadirio, na kurudia yote kwa kila bidhaa. Kazi hiyo haifanyiki kwa kalamu, na kwa Excel hufika ukingoni mapema: karatasi moja ya Excel huishia kwenye mstari wa 1,048,576, na kampuni yenye wateja wengi huweza kuvuka idadi hiyo ya miamala kwa muda mfupi sana. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu matokeo 16,000 ya watu waliopatikana na virusi vya korona yaliachwa nje ya taarifa za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536, lilikuwa limejaa.

Mtaniambia kwamba kampuni zina wataalamu wa data ambao kazi yao ni kutoa taarifa hizo. Ni kweli wapo, na waheshimuni. Lakini angalieni kinachotokea mnapomwomba mtaalamu huyo awape mauzo ya kila mwezi kwa kila mteja. Yeye ndiye anayeamua kama bidhaa zilizorudishwa zitatolewa kwenye hesabu, na kama mteja aliyeacha kununua atahesabiwa kuwa na mauzo sifuri au ataondolewa kabisa kwenye orodha. Huamua kwa nia njema, mara nyingi bila kujua kwamba ameamua lolote. Kwa mchumi, uamuzi huo ni moyo wa kazi, kwa sababu ukibaki na wateja waliodumu peke yao, utahitimisha kwamba kupanda kwa bei hakukumuudhi mtu. Katika mikopo hali ni ngumu zaidi: rekodi za ulipaji zinawahusu waliokubaliwa tu, na waliokataliwa hawamo. Mchumi anayeandika mwenyewe maagizo ya kuchota data huliona pengo hilo siku ya kwanza. Anayeletewa jedwali lililokamilika huenda asilione kamwe.

Iko faida nyingine ambayo vijana wengi hawaifikirii, nayo ni kwamba programu iliyoandikwa huacha njia nzima ya hesabu ikiwa wazi kwa mwingine kuikagua. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye heshima kubwa duniani, walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, na makala hiyo ikanukuliwa sana na watunga sera. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na wahadhiri wake Michael Ash na Robert Pollin, walionyesha kwamba fomula ya Excel ilikuwa imeziacha nchi tano nje ya wastani. Walipoirekebisha, pamoja na kubadili namna baadhi ya miaka ilivyoachwa na nchi zilivyopewa uzito, wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa ulitoka kwenye asilimia -0.1 ukafika asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la fomula na wakaendelea kuutetea msimamo wao kwa jumla, na mjadala huo siuingilii hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba kosa lililojificha ndani ya kisanduku cha Excel lilidumu miaka mitatu mbele ya macho ya dunia nzima.

Katika sekta binafsi makosa ya aina hiyo hugusa fedha za watu moja kwa moja. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara yake ya London, na uchunguzi wa benki yenyewe ulieleza kwamba kielelezo cha kupima hatari kiliendeshwa kwa majedwali ya Excel ambayo watu waliyajaza kwa kunakili na kubandika, na kwamba fomula mojawapo iligawanya kwa jumla mahali pa wastani, hivyo hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Sisemi fomula hiyo ndiyo iliyoleta hasara. Ila tangu hapo mwajiri makini huuliza jinsi mlivyopata jibu kabla hajauliza jibu lenyewe.

Nafasi zenyewe ni nyingi. Tangu Januari 2018, benki zinazofuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 9 hutakiwa kukadiria hasara inayotarajiwa kwenye mikopo hata kabla mkopaji hajashindwa kulipa, na makadirio hayo ni uchumi mtupu ulioandikwa kwa programu. Kampuni za bima, za simu na za biashara ya mtandaoni zina maswali yao yanayofanana na hayo. Hal Varian, mwandishi wa vitabu vya kiada vya uchumi, alianza kufanya kazi na Google mwaka 2002 akishughulikia minada ya matangazo, na leo kampuni kubwa za teknolojia huajiri wachumi wengi ambao huketi meza moja na wahandisi.

Anzeni na SQL, lugha iliyozaliwa IBM miaka ya 1970 kwa ajili ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata. Misingi yake ni michache, na kwa maoni yangu hakuna saa za kujifunza zitakazowalipa haraka kuliko hizo. Kisha chagueni lugha moja tu ya kuandikia programu kati ya Python na R. R iliundwa na wanatakwimu, na mtu wa ekonometria, yaani takwimu za kiuchumi, hujisikia nyumbani ndani yake. Python hutumiwa na wahandisi wengi, hivyo kazi yenu huingia kwa urahisi katika mifumo ya kampuni. Zote mbili hazilipiwi leseni. Waliofundishwa Stata, programu ya takwimu, wasidhani wamepoteza muda, kwa kuwa mantiki waliyoipata huhamia huku. Msikusanye vyeti vya kozi za mtandaoni. Chukueni tasnifu yenu ya shahada, rudini kwenye data ghafi, na muiandike upya kama programu inayokwenda kutoka faili la kwanza hadi jedwali la mwisho bila mkono wa mtu kugusa chochote katikati. Namba zikitofautiana na zile mlizowasilisha chuoni, tafuteni sababu hadi muipate. Mtajifunza mengi kwa kazi hiyo moja.

Wapo wanaosema kwamba akili mnemba sasa inaandika programu yenyewe, kwa hiyo juhudi hizi ni bure. Nimelipima hoja hilo kwa uzito, na naona limegeuzwa kichwa chini. Mashine itawaandikia maagizo ya kuunganisha jedwali la wateja na jedwali la akaunti, na maagizo hayo yatafanya kazi bila kulalamika, huku kipato cha mteja mwenye akaunti tatu kikihesabiwa mara tatu na jumla ikivimba. Atakayegundua ni yule aliyezoea kuhesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha, na mazoea hayo hayapatikani kwa kusimuliwa. Kadiri msimbo, yaani maandishi ya programu, unavyoandikwa kwa wepesi, ndivyo anavyotafutwa mtu anayeweza kuusoma na kuukataa.

Wala msiache uchumi mkikimbilia kompyuta. Wahitimu wa sayansi ya kompyuta watawazidi kasi, na si aibu. Wao hawakukaa miaka mitatu au minne wakijiuliza nini kingetokea kama bei isingepanda, au kwa nini watu hubadili tabia pindi kanuni inapobadilika. Swali hilo ndilo mtakaloajiriwa kwa ajili yake.

Mkipewa faili katika usaili, msikimbilie kuandika. Ulizeni kwanza mstari mmoja unawakilisha nini, ni mteja, ni muamala au ni mwezi. Kisha ulizeni ni akina nani hawamo kwenye faili hilo, na kwa nini hawamo. Baada ya hapo, andikeni.

Ni mimi mzee wenu katika taaluma.