Huenda mvua zikaanza, si zitaanza

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa vuli unapokaribia, utabiri wa mvua husambaa kwa Kiingereza na Kiswahili, na tafsiri nyingi hubadilisha maana yake. Kiingereza kikisema “The rains may start in mid-October”, mkulima huambiwa mvua “zitaanza” katikati ya Oktoba. “Zitaanza” ni “will start”. “May start” ni “huenda zikaanza”, na anayepanda kwenye udongo mkavu kwa kutegemea ahadi ambayo haikutolewa anaweza kupoteza mbegu yote. Kosa hili huanzia darasani, ndiyo maana sisi walimu wa Kiingereza tunaomba nafasi.

Baada ya “may”, “might” na “could”, kitenzi hubaki katika umbo la msingi: “may start”, “might begin”. Hakiwekewi “to”, wala “s” hata kama mtenda ni mmoja, wala hakipelekwi wakati uliopita. “Might began” huandikwa mno kwa sababu wanafunzi hukariri kwamba “might” ni wakati uliopita wa “may”. Ni kweli tunaporipoti maneno ya mtu: “He said work might start in June”. Ikisimama peke yake huelekea mbele, na kwa watumiaji wengi shaka yake imezidi kidogo ile ya “may”.

“Classes may be start on Monday” ni kosa jingine la kila siku. “Maybe”, neno moja, hukaa mwanzoni na huacha sentensi iliyobaki ikiwa kamili: “Maybe classes will start on Monday”. Yakiwa mawili, “be” ndiyo kitenzi chenyewe, kwa hiyo kinachofuata kinaweza kuwa “starting”, kivumishi au nomino, lakini kamwe si kitenzi “start”.

Penye madhara makubwa zaidi ni kwenye kukanusha. “The project may not start” maana yake huenda mradi usianze. “The project could not start” maana yake mradi ulishindwa kuanza. Barua ya ofisi ikichanganya hizo mbili, mfadhili atasoma habari ya jambo lililokwisha kuharibika, kumbe mwandishi alikuwa akitoa tahadhari tu. “Can start” nayo isitumike kubashiri tukio moja lijalo. Hiyo ni ya uwezo au ruhusa.

Kwenye “zikianza”, shaka imeshabebwa na “if”, basi usiiongeze: “If the rains start early, farmers may plant in October”. Si “if the rains may start”.

Matangazo ya mikutano nayo yana lake: “The meeting would start at 10”. Kama saa imepangwa, andika “will start”. Kama haijathibitishwa, “may start”. “Would” hapo humwacha msomaji akisubiri sharti lisilotajwa.

Kwa watafsiri wa gazeti lako tunapendekeza kipimo hiki: “will start” iwe “zitaanza”, “are likely to start” iwe “zinaelekea kuanza”, “may start” na “might start” ziwe “huenda zikaanza”. Na kichwa cha habari kibebe shaka ileile iliyomo ndani ya habari, maana wengi husoma kichwa tu.

Walimu wa Kiingereza, sekondari
Morogoro