Kwa binti yangu, msimamizi mpya wa kiwanda cha kukamua alizeti, Kibaigwa

Mama yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Tangu uliponipigia ukasema vibarua hawakusikii, hasa wazee, nimekuwa nikikuwazia.

Ukisema, "Jamani, alizeti ichekechwe vizuri," kila mmoja atadhani umemwambia mwenzake. Jiwe likiingia kwenye mashine, utaanza kutafuta mkosaji wakati kazi yenyewe haikuwa na mwenyewe. Mfuate mtu mmoja: "Mzee, naomba magunia ya ukutani uyachekeche kabla ya saa nne. Ukikuta mawe mengi, niite kabla ya kumwaga." Halafu muulize ataanzia wapi. Jibu lake litakuonyesha kama mmeelewana.

Hao wazee waamkie kwanza. Shikamoo haikupunguzii cheo, na wale Wagogo ukiwaambia "mbukwenyi" asubuhi watafurahi. Akikosea mmoja wao, usimseme mbele ya vijana wanaobeba magunia. Mwite pembeni, kule kwenye stoo ya mashudu, umuulize kilichotokea kabla hujatoa neno lako. Mara nyingi utasikia jambo ambalo hukulijua: mzani umeharibika, au bosi mwingine alishamtuma kwingine.

Fundi wa mashine mpe mamlaka ya kuizima, na uyatamke mbele ya wote. Yeye huisikia inavyolalamika kabla wewe hujaona chochote. Mfanyabiashara mwenye lori asije akambembeleza aendelee kukamua.

Sasa msimu. Alizeti ikianza kumiminika utashawishika kuwabakiza watu hadi usiku. Hapo nakuomba sana uwe mwangalifu, maana aliyechoka ndiye anayepitisha mkono kwenye mkanda wa mashine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike saa nzima. Mwajiri wako akikuambia vibarua hawahesabiwi hivyo, muombe mkaulize ofisi ya kazi Dodoma mjini.

Weka daftari la kuingia na kutoka, kila mtu atie sahihi mwenyewe. Kwenye ghala nililosimamia, daftari ndilo lililomaliza ugomvi wa malipo. Na siku ya malipo ukijua pesa itachelewa, waambie jana yake. Wasije wakasikia kwa mlinzi.

Nitakuja mnadani mwezi ujao, nitapita hapo. Kabla ya hapo niandikie umempa nani mzani, na kwa nini yeye. Huyo ndiye wa kumchagua kwa makini kuliko wote, kwa sababu wakulima watakipima kiwanda kizima kwa mkono wake.

Baba yako