Kwa Halima, Doha

Kayole, Nairobi
28 Julai 2022

Halima mwenzangu,

Umeniuliza mara tatu kwenye WhatsApp nitampigia nani kura ya urais, na mara tatu nimekurushia kikatuni cha kucheka. Leo acha nikuandikie sawasawa.

Kwanza unga. Wiki iliyopita Rais Uhuru Kenyatta alitangaza paketi ya kilo mbili ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Kesho yake nikaenda dukani na noti yangu ya mia. Mwenye duka akanionyesha rafu tupu. "Ule wa mia uko kwa televisheni, madam." Tukala wali siku mbili. Jumamosi nikaupata, paketi moja kwa kila mtu, foleni imefika hadi kwa fundi wa viatu, na watu humo humo wanabishana wilbaro (alama ya chama cha Ruto) na chungwa (alama ya ODM, chama cha Raila) utadhani wamelipwa. (Kijana wa boda hapa kwetu kweli analipwa. Asubuhi fulana ya njano ya Ruto, jioni ya buluu ya Raila. Simlaumu.)

Naibu Rais Ruto, aliyekaa serikalini miaka tisa, anazunguka akiisema serikali vibaya. Raila, tuliyezoea kumwona akitimuliwa kwa vitoza machozi, sasa ndiye anayebebwa na Ikulu. Ile salamu ya Machi 2018, Uhuru na Raila walipopeana mkono, iliwabadilishia jezi, mpira ukaendelea. Juzi Jumanne kulikuwa na mdahalo wa hao wawili. Raila hakuja, Ruto akasimama peke yake akijibu maswali. Mama akatazama kidogo, akauliza, "Huyu anacheza drafti na nani?" akaenda kulala.

Najua utaniambia wagombea wako wanne. Wako. Lakini jaribu kumtaja mmoja wa hao wengine wawili hapa mtaani uone utakavyoambiwa usipoteze kura. Yaani kura ni yangu mradi niwape hawa au wale, vinginevyo nimeitupa! Tume ya uchaguzi yenyewe imesema vijana waliojiandikisha ni wachache kuliko 2017, na kila mwenye maikrofoni anawaita wavivu. Mimi nawajua baadhi yao. Wanaamka saa kumi kutafuta kibarua Industrial Area.

Unakumbuka kibanda cha baba cha ushonaji pale soko la Toi? Ukutani alikuwa na kalenda ya wakubwa wa ODM ya 2007, Raila na Ruto wamepigwa picha pamoja, wanacheka. Maana mwaka ule walikuwa chama kimoja, jambo ambalo siku hizi ukilitaja kwenye matatu watu wanakutazama kama umetoa siri. Soko lilipoungua baada ya matokeo ya uchaguzi ule, baba alirudi nyumbani na mkasi mkononi na futi ya kupimia shingoni. Cherehani mbili ziliteketea, pamoja na nguo za wateja aliokuja kuwalipa kidogo kidogo hadi nikamaliza darasa la nane. Februari 2008 wakubwa wakatia saini mkataba wa amani, wakagawana wizara. Baba hajapiga kura tena. Hahubiri wala hagombani na mtu. Siku ya uchaguzi anafua nguo zake tu.

Wewe ubalozini utapewa karatasi moja, ya rais. Mimi nina sita, na ya mwakilishi wadi nimeshaamua: kuna mama mmoja, mgombea huru, aliyekuja na koleo bomba la majitaka lilipopasuka mbele ya ploti yetu, akazibua pamoja nasi hadi gambuti zikajaa. Hakuleta mpiga picha. Hiyo nitaipiga kwa mikono miwili. Ya rais nikiifikiria naona uvivu hata wa kuikunja.

Mama kitambulisho chake kiko ndani ya Biblia tangu Juni. Anataka tuwe kituoni saa kumi alfajiri ya tarehe 9 Agosti, na kwa sababu ya magoti yake mimi ndiye nitakayembebea kigoda. Nikifika na ile karatasi kibandani nitakwambia nilifanya nini.

Nitumie picha ya foleni ya huko, na usisahau yale mafuta ya mgongo ya mama.

Wako,
Wanjiku