Barua ya kufunga muhula: mtoto akikaa chini ya mdimu msimfukuze

Wazazi na walezi wetu, salamu kutoka shuleni.

Muhula wa tatu umeisha salama. Ripoti ziko kwenye mabegi, zitafuteni wenyewe maana wengine hawatazitoa. P.7 (darasa la saba) walishamaliza PLE, mtihani wa kumaliza msingi, matokeo yakitoka tutawaita. Wenye madeni ya ada mnajijua, leo sitaki kuongelea hela.

Nataka tuongelee viwavi. Kuna mzazi alinipigia analalamika mtoto kaweka mdudu kwenye chupa chini ya kitanda, eti mwalimu kamwambia, shule imegeuka ya wachawi. Jamani, hiyo ni kazi ya likizo ya P.5 na P.6 na nimeipitisha mimi mwenyewe.

Nendeni kwenye mdimu au mchungwa wa nyumbani muangalie majani machanga, mtakuta kiwavi mdogo ambaye utadhani ni kinyesi cha ndege, ndo anavyojificha huyo, akikua anageuka kijani na ukimgusa anatoa vipembe vya rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali, halafu anajining'iniza kwenye kijiti kama wiki mbili hivi au zaidi, akitoka ni kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya manjano. Kwahiyo msipulize dawa kwanza. Najua anakula majani lakini mti mkubwa haufi kwa viwavi wachache, ila kama ni miche ya kuuza hapo nawaelewa.

Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe anaruka polepole kwasababu ndege hawamtaki, ana sumu ya majani aliyokula utotoni. Na kuna jike la aina nyingine kabisa lisilo na sumu limemuiga rangi. Watoto wamepewa kazi ya kutafuta wote wawili, mimi binafsi bado nachanganya.

Ndizi zikioza wekeni kisahani nje, wapo vipepeo wanaozipenda kuliko maua. Wengine mtawaona kwenye matope ya kisimani na pale ng'ombe alipokojoa, hao wengi ni madume wanatafuta chumvi. Uganda ina aina zaidi ya 1,200 za vipepeo, na wageni wanapanda ndege kuja kuona wanyama msitu wa Budongo hapo jirani, sisi tunapita tu na boda.

Kinyonga msimpige mawe, hana sumu. Nyoka mtoto asimfuate, aite mkubwa. Viwavi wenye manyoya wasishikwe kwa mkono, wanawasha vibaya.

Daftari liandikwe tarehe, mahali na mchoro, kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Tukifungua mwezi wa pili mwalimu wa sayansi atalikagua, na chupa zibaki huko huko nyumbani tafadhali.

Mwalimu Mkuu