Matope ya Desemba

Lubumbashi, mwezi wa nane

Papa Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Katuba. Sisi tu wazima. Mama Yoeli anakusalimu, na watoto wako likizo, nyumba haitulii hata dakika. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa shemeji, nikaisoma mara mbili, hasa pale unapouliza kwa nini lori lako dogo la plastiki, lile la kuunga mwenyewe, linafanana na kitu cha kuchezea badala ya lori la kweli wakati kila kipande umekigandisha mahali pake. Swali hilo nimekaa nalo tangu Pasaka, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Univumilie.

Unalikumbuka lile boksi la Tamiya, wale Wajapani wanaouza magari madogo ya plastiki ya kuunga, ambalo mdogo wangu alinibebea kutoka Brussels? Ndani yake mlikuwa na M8, ile wanayoiita Greyhound, gari la deraya la Wamarekani lenye magurudumu sita na mzinga wa milimita 37. Ford walitengeneza zaidi ya 8,500 kati ya 1943 na 1945, na vita vilipokwisha yakasambaa duniani. Mengine yalifika huku kwetu, na siku za Katanga ya Tshombe, aliyeitenga na Kongo, askari wake walikuwa nayo hapahapa mjini, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville. Ndiyo sababu nililitaka hilo na si lingine. Gari lenyewe lina urefu wa mita 5. Kidogo changu ni mara 35 ndogo kuliko la kweli: gawanya kwa 35, unabaki na sentimita 14 na kidogo.

Kuliunga hakukunisumbua. Jioni za wiki mbili, zile zenye umeme. Kitu kimoja tu nilikibadilisha: ile kamba ya plastiki ya kuvutia gari niliitupa, nikachuna waya wa umeme wa zamani, nikatoa nyuzi saba za shaba, nikazisokota kwa vidole kisha nikazipaka rangi ya chuma. Hakuna anayeiona shaba ile sasa, lakini mimi najua imo, na nafurahi.

Kwenye rangi, jihadhari na jambo hili. Kitu kidogo ukikipaka rangi ileile ya kitu kikubwa, kinaonekana kimekolea kuliko chenyewe. Ile kijani ya jeshi la Marekani, inayoelekea ukahawia, niliichanganya na njano hafifu, tone kwa tone, na sehemu za juu zinazopigwa na jua nikazifanya nyepesi kuliko za ubavuni. Halafu nikachukua rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyoiva, nikaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa kama chai isiyo na maziwa, nikaigusisha kwenye maungio na kuzunguka vichwa vya bolti. Unagusa tu ncha ya brashi, rangi inakimbia yenyewe kwenye kijifereji. Sichoki kuitazama.

Kisha nikafanya kosa. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu, unakijua, kile watoto wanachopanda. Nilichimba udongo wake mwekundu, nikaukausha, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni ya Mama Yoeli, kwa sababu chembe ya nusu milimita kwenye gari hili ni sawa na kokoto la karibu sentimita mbili kwenye gari la kweli. Vumbi hilo nikalipaka gari zima, juu mpaka chini. Nikaongeza kutu kwenye milango na kwenye kingo zote. Nikaliona zuri sana.

Siku ya Pasaka akaja baba mkubwa, yule wa Ruashi. Mwaka 1961 alikuwa na miaka minane. Nilimwekea gari mezani, sikumwambia kitu. Alivua miwani, akaliinua kwa vidole viwili, akaligeuza polepole mpaka akaona ule mnara wa mzinga usio na paa.

“Ni lile,” akasema. Kisha akanyamaza, akapitisha ukucha wa kidole kidogo juu ya boneti, ukatoka mwekundu. “Lakini, mwana, hii vumbi imetoka wapi? Siku ile kulikuwa mvula.”

Papa Neema, nilihisi damu inapanda usoni. Mapigano ya kwanza ya askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga yalianza mjini tarehe 13 Septemba 1961, mwishoni mwa kiangazi, na miye kichwani mwangu nilikuwa nimejenga Septemba. Baba mkubwa alikuwa anazungumzia yale ya Desemba, wakati wa mvua. Walikuwa wanahama na mizigo kichwani, gari likawapita karibu, likaukanyaga mto mdogo wa maji barabarani na kumrushia mama yake matope kikwembe kizima. Mzinga haukumbuki vizuri. Matope anayakumbuka. Anakumbuka pia kwamba juu gari lilikuwa safi, linang'aa kwa maji. Na kutu? Akatikisa kichwa: gari lile lilikuwa linatembea kila siku.

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikaanza kuosha. Bahati njema vumbi nilikuwa sijalifunika kwa vanishi. Bahati mbaya ni kwamba tapentaini yangu ilikuwa imekwisha, nikanunua chupa nyingine sokoni, nayo ilikuwa imechanganywa na petroli. Harufu niliisikia nikaipuuza. Ndani ya dakika chache madigadi ya nyuma upande wa kushoto yakalainika kama mshumaa, yakapasuka. Niliyakata, nikatengeneza mengine kwa bati la kopo la soda, nikayakunja kona kidogo kama yaliyogonga ukuta. Nakuambia ili uchovye kwanza kipande cha ile fremu ya plastiki inayobaki ukishachomoa vipande kwenye dawa yoyote mpya, ungoje, ndipo uiguse gari.

Mvua za mwisho za mwezi wa nne zilikuwa bado zinanyesha. Nilikwenda mara tatu kusimama kando ya njia ya Kasumbalesa, pale malori yanapotoka kwenye udongo kuingia lami, nikatazama. Nyuma ya kila gurudumu matope yanafunguka kama upepeo uliokunjuliwa, mazito karibu na tairi, halafu matone, halafu hakuna. Ndani ya madigadi kuna matope ya zamani, yamepauka na kupasuka, na juu yake mapya yamekolea na yanang'aa. Uso wa tairi unaogusa lami ni msafi, udongo umebaki kwenye mifereji na kwenye rimu. Pale dereva anapokanyaga kupanda kuna donge la matope, na ukingo wa kidato hicho umelika mpaka chuma kinamulika. Juu ya kimo cha kiuno, hakuna kitu, ila michirizi myembamba ya maji yaliyoteremka.

Nikarudi nyumbani nikafanya hivyo hivyo. Udongo uleule wa kichuguu, plasta kidogo, gundi nyeupe ya seremala, maji. Tabaka la kwanza jepesi, ndani ya madigadi, likauke kabisa. La pili nilitia rangi kahawia likolee, nikalirusha: unachovya brashi ngumu, unaikwangua kwa kijiti cha meno, matone yanaruka yenyewe. Mwisho, tone la vanishi ya kung'aa pale tu palipo pabichi. Kutu niliiacha kwenye bomba la moshi peke yake, maana pale joto huunguza rangi.

Wiki jana baba mkubwa alikuja tena. Alilitazama gari muda mrefu bila kuligusa. Halafu akasimama, akaweka mkono kwenye nyonga yake mwenyewe. “Kikwembe kililowa mpaka hapa,” akasema, akakaa tena. Sikutaka neno jingine.

Sasa turudi kwenye lori lako. Kwenye picha uliyonitumia umelitia kutu na vumbi sawasawa pande zote, kama nilivyofanya mimi. Lioshe. Kabla ya kushika brashi tena, jiambie linatoka wapi, linakwenda wapi, mwezi gani, na nani analipanda. Kama linatoka Goma kwenda Sake, nenda kakae kando ya njia hiyo asubuhi moja baada ya mvua, na daftari.

Nakutumia kopo la udongo wangu, umeshachekechwa, lakini usiutumie kwenye lori hilo. Utunzie gari litakalokuja kututembelea Katanga. Wewe nitumie nusu kopo la udongo mweusi wa Nyiragongo, volkano yenu ya Goma, ule laini wa pembeni mwa barabara, maana nimeanza jeep na nataka iwe ya kwenu. Na uniandikie: mvua ikinyesha juu ya udongo ule, unang'ang'ania tairi, au maji yanaupitia tu na kuacha mchanga?

Msalimie Mama Neema na watoto wote.

Ndugu yako,
Papa Yoeli